Wimbo Hauna "Si-": Petit Pays ya Kuimbwa na Petit Pays ya Kusomwa

Walimu wa fasihi tunapenda kusema kwamba muziki huanzia pale maneno yanapokomea. Kauli hii hutamkwa darasani, huandikwa kwenye mitihani, na wanafunzi huturudishia kama walivyoipokea, bila hata nukta kupungua. Katika vikao vya usomaji ambavyo baadhi yetu tumekuwa tukivifanya mtaani Gasenyi, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliitia mashaka kwa swali fupi. Kama muziki husema yale ambayo maneno yameshindwa kuyasema, mbona Gaël Faye alikwisha kuimba Petit Pays, akasikilizwa, kisha bado akaona hana budi kuiandika? Hakuna aliyemjibu vizuri siku ile. Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo, na ninawaomba wasomaji wa kijarida hiki wasiichukue kuwa neno la mwisho.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, alihamia Ufaransa akiwa mtoto. Mwaka 2013 alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Pili Pili sur un Croissant au Beurre, ambayo ndani yake mna wimbo uitwao Petit Pays. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, riwaya yenye jina hilohilo ilichapishwa mjini Paris na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa shule za sekondari. Filamu ya riwaya hiyo ilifuata mwaka 2020. Basi hapa tuna kitu ambacho mhakiki hukipata kwa nadra sana: mtunzi mmoja, jina moja, nchi moja, huzuni moja, na tanzu mbili. Hatuna haja ya kulinganisha mwimbaji wa huku na mwandishi wa kule, kazi ambayo mara nyingi huishia katika kulinganisha vipaji badala ya tanzu.

Wimbo unafanya nini? Jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji ni nafsi. Msemaji wa wimbo ni mtu mzima aliye mbali, hana usingizi, naye anaizungumzia nchi yake kwa nafsi ya pili. Anaiambia "wewe". Nchi inageuka kuwa mtu anayeandikiwa barua usiku. Jambo la pili ni lugha. Beti zinaghanwa kwa Kifaransa kwa mtindo wa rapu, lakini kiitikio kinaimbwa na sauti nyingine kwa lugha ya nyumbani. Msikilizaji wa Paris anaelewa beti na kukosa kiitikio, na bibi kizee wa Ngozi au wa Butare anaelewa kiitikio na kukosa beti. Kila mmoja ana nusu yake. Hata hivyo wote wawili wanauimba wimbo mzima, na hakuna anayeona amepungukiwa. Riwaya haiwezi kufanya hivyo hata kidogo. Ukikosa nusu ya kurasa za riwaya, umekosa riwaya.

Jambo la tatu linatuhusu sisi walimu wa lugha moja kwa moja, nalo ni jina lenyewe. Katika Kirundi, neno igihugu likiingizwa katika ngeli ya ka- huwa agahugu, na udogo huo hauna dharau. Ni udogo wa kupakata, kama mtu anavyosema akana kwa mtoto wake. Tafsiri ya riwaya katika Kinyarwanda inaitwa Gahugu Gato, na mahaba yamo ndani ya kiambishi, msomaji hahitaji kuelezwa. Kifaransa kimelazimika kutumia kivumishi. Je, sisi tungeiitaje? Pale Gasenyi tulibishana kwa zaidi ya saa nzima. "Nchi Ndogo" ni sahihi, lakini inasikika kama kichwa cha habari za uchumi. "Kijinchi" inafuata sarufi tunayoifundisha na inamtukana mtunzi, kwa sababu ki- ya udogo katika Kiswahili sanifu ina mazoea ya kubeza. Ndipo mwanafunzi aliyekulia Uvira akasema kwao wangesema tu "kainchi" na mambo yangekwisha. Ni kweli. Kiswahili cha Kongo kimeihifadhi ka- ya udogo na tu- ya wingi wake, wakati sisi tunaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sisemi tuibadilishe sarufi ya mitihani kwa ajili ya jina la kitabu kimoja. Lakini inafaa mwalimu ajue kwamba anapokata ka- hiyo anakata pia hisia ambayo usanifu haukuipatia kiambishi kingine.

Nirudi kwenye swali. Hadi hapa wimbo unaelekea kushinda. Unasema mapenzi na huzuni kwa pamoja, katika dakika chache, kwa watu wasioelewana lugha. Basi kwa nini riwaya?

Jibu langu ni kwamba muziki hauna ukanushi. Naomba nieleweke. Wimbo una maneno, na maneno ya wimbo yanaweza kukanusha kama maneno mengine yoyote. Ninasema kuhusu muziki wenyewe, sauti iliyo chini ya maneno. Hakuna noti inayosema "si". Hakuna mdundo unaosema "sikufanya" au "haikuwa hivyo" au "isingekuwa hivyo kama". Mwenye shaka na ahudhurie harusi. Nyimbo za kumuaga bibi harusi humwambia asilie, na ni hapo hasa anapolia, yeye na shangazi zake. Maneno yamekataza, sauti haikusikia katazo hilo. Imechukua neno "lia" na kuacha kiambishi chake mlangoni.

Mfano wa karibu zaidi nao uko kwetu. Khadja Nin, aliyezaliwa Burundi mwaka 1959 na kujulikana duniani akiwa Ubelgiji, aliuchukua wimbo wa Stevie Wonder uitwao "Free", uliotoka mwaka 1987, akautungia maneno ya Kiswahili na kuuita "Sina Mali, Sina Deni". Tazameni kilichotokea katika jina. Mmarekani alitaja uhuru kwa neno moja la kuthibitisha. Mrundi aliyeimba Kiswahili aliutaja kwa ukanushi mara mbili: sina hiki, sina kile. Huu si uhuru wa kupata, ni uhuru wa kutodaiwa, na yeyote aliyekulia mahali ambapo methali ya kwamba dawa ya deni ni kulipa husemwa kila mwisho wa mwezi anaelewa mara moja ukubwa wa wazo hilo. Ni wazo la kifalsafa kamili, tena limeegemea viambishi viwili tu. Lakini msikilizaji wa Ubelgiji asiyejua Kiswahili alisikia nini? Alisikia wimbo mtamu wa mtu aliyetulia. Muziki ni uleule wa "Free", haukubadilika kwa sababu maneno yalianza kukanusha. Wazo lote la Khadja Nin, lile lililo lake na si la Stevie Wonder, limo katika sarufi. Nilipowaeleza wanafunzi jambo hili, mmoja alilalamika kwamba ninamnyima mwimbaji sifa ya sauti yake. Simnyimi. Sauti ndiyo iliyolifikisha wazo mahali ambapo kitabu cha Kiswahili kisingefika. Ninachosema ni kwamba ililifikisha likiwa limefungwa, na wengi hawakulifungua.

Sasa tuifungue riwaya ya Faye, kwa sababu yeye mwenyewe ameliandika jambo hili vizuri kuliko mhakiki yeyote. Katika riwaya, asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, redio haitangazi habari. Inapiga muziki wa Wagner. Msimulizi anaeleza kwamba ilikuwa desturi: mapinduzi ya Micombero mwaka 1966 yalikuja na Schubert, ya Bagaza mwaka 1976 yakaja na Beethoven, ya Buyoya mwaka 1987 yakaja na Chopin. Hakuna haja ya kuchunguza kama kila kipande kilipigwa kweli kama riwaya inavyosema, hiyo ni kazi ya wanahistoria wa redio. Kwa mhakiki, aya ile fupi ni darasa. Muziki ule wa Ulaya, ambao vitabu hutuambia kwamba unaeleza majonzi na ushujaa wa binadamu wote, Bujumbura una maana moja tu: kaa ndani. Watu wazima wanaelewa kabla ya tangazo lolote. Je, Wagner ndiye aliyesema kwamba rais ameuawa? Hapana. Zilizosema ni miaka ile mitatu iliyotangulia. Sauti ilikuwa chombo kitupu, historia ikakijaza, na ni riwaya peke yake iliyoweza kutuonyesha kujazwa kwake, kwa sababu riwaya ina tarehe na majina na ina neno "kwa sababu".

Najua wapo watakaoniambia kwamba mfano huo ni wa muziki wa kigeni, na kwamba muziki wetu wenyewe si chombo kitupu. Watanitajia ngoma. Ni hoja nzito, nami sitaipita mbio. Katika Kirundi ingoma ni ngoma ya kupigwa na vilevile ni utawala. Neno ni moja. Karyenda, ngoma kuu ya kifalme, haikuwa alama ya ufalme kama bendera ilivyo alama ya taifa. Aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa mwami. Wapigaji wa Gishora, karibu na Gitega, hawakuwa wakiburudisha watu bali walikuwa wakitimiza tendo la dola. Kwa hiyo mtu akisema kwamba hapa muziki "unaeleza" wazo la mamlaka anakosea kidogo, kwa sababu hapa muziki ni mamlaka. Riwaya haitafika huko kamwe. Kitabu hakimtawazi mtu.

Lakini tazameni kilichoipata ngoma hiyo baadaye. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, ngoma ikabaki. Katika miaka ya 1960 wapigaji walirekodiwa na Wafaransa, na mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, aliutumia mlio wao chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Midundo ileile iliyosema "mwami yupo" sasa inasema "msitu" kwa wasikilizaji wa Marekani. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu wote, na mwaka 2017 amri ya Rais wa Burundi ikawakataza wanawake kuipiga na kuviwekea vikundi masharti ya kibali na malipo. Kila mmoja wa hawa alikuwa na ngoma ileile. Ngoma haikumkana hata mmoja wao. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini hii imevuma miaka mingi bila kupasuka, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba hukubali kuvumishwa na yeyote. Hilo si kosa lake, ndilo umbile la muziki.

Umbile hilo limewahi kufikishwa mahakamani, tena katika ukanda wetu. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Rwanda. Mojawapo ya nyimbo zake, ya mwaka 1987, iliyotungwa kwa sherehe za miaka 25 ya uhuru, ilihusu kuuaga ufalme, na katika jina lake limo neno hilohilo ingoma. Nyimbo zake zilipigwa redioni mwaka 1994 wakati wa mauaji ya kimbari. Alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha, na hukumu ilitolewa mwezi wa Desemba mwaka 2008. Majaji walizichambua nyimbo kwa kirefu, kama tunavyofanya sisi darasani: mafumbo, majina ya wahusika, wito wa umoja na ni nani ameachwa nje ya umoja huo. Walikubali kwamba zilitumika katika propaganda ya chuki. Lakini hawakumtia hatiani kwa nyimbo hizo. Walisema haikuthibitishwa kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji, wala kwamba ndiye aliyeamua zipigwe mwaka 1994. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani, ndani ya msafara wa magari. Sentensi za kawaida zenye mtendaji na mtendwa.

Nimewahi kusikia watu wakiilaumu hukumu hiyo kuwa ni laini, na wengine wakiisifu kuwa ni kinga ya sanaa. Mimi naiona kuwa ni uhakiki mzuri wa fasihi ulioandikwa na wanasheria. Wimbo uliweza kuwaandaa watu moyoni bila kusema jambo ambalo mtunzi wake angeshindwa kulikana kesho yake. Sentensi ya barabarani haikuacha mwanya huo. Tukiendelea kuwafundisha vijana wetu kwamba muziki ni lugha ya ulimwengu inayounganisha watu, basi tuwaambie pia kwamba uliwahi kuunganisha watu dhidi ya jirani zao, kilomita chache kutoka hapa tulipo, na kwamba uliweza kufanya hivyo kwa sababu hizohizo tunazousifia.

Sasa riwaya. Gabriel, au Gaby, ana umri wa miaka 10 hadithi inapoanza. Ana dada yake Ana, baba Mfaransa asiyetaka kusikia habari za siasa nyumbani, mama Mnyarwanda aliyekimbilia Burundi, na genge la marafiki katika kichochoro cha mtaa wa watu wenye nafasi. Sura za mwanzo zina maembe ya wizi, sherehe, kabare gizani ambako walevi husema ukweli kwa kuwa hakuna anayeziona nyuso zao. Kisha vita vinaingia kichochoroni. Na hatimaye, baada ya baba wa rafiki yao kuuawa, Gaby analetwa mbele ya teksi iliyomwagiwa petroli, ndani yake mna mtu, na anapewa kiberiti cha gesi. Anakirusha.

Sijui wimbo unaoweza kutufikisha pale. Wimbo unaweza kulia kwa ajili ya aliyeungua, na unaweza hata kulia kwa ajili ya aliyerusha. Lakini riwaya imetumia sura nyingi kutufanya tumpende mtoto huyu, tucheke naye, tumwone akiazima vitabu kwa Bibi Economopoulos, jirani wa Kigiriki, na kuvifanya ngome yake dhidi ya genge. Tumehesabu kila hatua: hapa angeweza kukataa, hapa angeweza kurudi nyumbani, hapa bado. Kiambishi -nge- kinatembea kando ya -li- katika kitabu kizima, hata katika Kifaransa ambacho hakina viambishi hivyo kwa sura tunayoijua. Tunapofika kwenye teksi tunajua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba hakuwa na njia, na kwamba alikuwa nayo. Wazo kubwa la hatia ya mtu asiye mwovu haliwezi kubebwa bila mfuatano, na mfuatano ndio riwaya. Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Faye aliandika kwa sababu wimbo wake ulikuwa umeipenda nchi bila kuiuliza swali. Kuandikia nchi barua ya usiku ni jambo moja, kuhesabu nani alisimama wapi ni jingine.

Isidhaniwe kwamba riwaya hii haina dosari. Gaby wakati mwingine anazungumza kama mtu aliyesoma washairi wote wa Ufaransa, na mtoto wa miaka 10, hata awe msomaji wa namna gani, hapangi jazanda kwa ustadi ule. Barua anazomwandikia Laure, rafiki wa kalamu aliye Ufaransa, zimepambwa kupita kiasi. Hapo mwanamuziki amemshinda mwandishi: ametaka kila sentensi iwe mstari wa kuimbwa, na sentensi ya riwaya mara nyingine inatakiwa itembee tu kama mtu anayekwenda sokoni. Pia kuna swali la kitabaka ambalo wanafunzi wetu waliliuliza bila woga, kwamba kichochoro cha Gaby ni cha watu wenye mpishi na dereva, na Bujumbura ya Buyenzi au ya Kamenge inaonekana kwa mbali, kupitia dirisha la gari. Nadhani riwaya inalijua hilo, na wafanyakazi wa nyumbani humo wana uzito wao. Lakini kulijua si kulimaliza.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini nimetenganisha vitu ambavyo mapokeo yetu ya Kiswahili hayakuvitenganisha. Ni kweli. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa hili hili tunalolitazama kila jioni, aliweka sheria za ushairi katika kitabu chake cha mwaka 1954 na akashikilia kwamba shairi ni la kuimbwa. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi uliofuata tunaufundisha hadi leo kama ugomvi wa wakale na wasasa. Nashawishika kuusoma kwa namna nyingine. Huenda Kezilahabi, mwanafalsafa, alihitaji mahali pa kusitasita, pa kusema "labda" na "la", na mizani inayoimbika haimpi mtu nafasi ya kusitasita. Mwimbaji akisita, wapiga ala wamempita.

Shaaban Robert naye, ambaye hakuna atakayemshuku kuwa adui wa vina, alipotaka kumweleza Siti binti Saad hakutunga wimbo. Aliandika wasifu kwa nathari. Siti, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa hali ya chini na kuuza vyungu mitaani kabla ya sauti yake kupelekwa hadi Bombay kurekodiwa mwaka 1928, alikuwa na santuri zake. Yeyote aliyetaka kusikia alivyoimba aliweza kusikia. Ambacho santuri haikuweza kusema ni alivyodharauliwa kwa sura na nasaba yake, na jinsi alivyojibu. Hayo yalihitaji mtu wa kukaa chini na kuandika yaliyotangulia na yaliyofuata.

Nimeacha kwa makusudi kurasa zinazonisumbua zaidi, kwa sababu zinaipinga hoja yangu mwenyewe. Yvonne, mama yake Gaby, anakwenda Rwanda mwaka 1994 kutafuta jamaa zake na anafika nyumbani kwa mmoja wao akiwa amechelewa. Watoto wamekufa, na amelazimika kuwazika na kujaribu kusafisha sakafu. Anaporudi Bujumbura anamsimulia Ana usiku, tena na tena, habari za madoa ambayo hayakubali kutoka sakafuni. Miaka 20 baadaye, Gabriel mtu mzima anarudi mtaani kwake, anaingia katika kabare yenye giza, na anasikia sauti ya kikongwe ikizungumza kuhusu madoa. Ni mama yake. Hamtambui kuwa ni mwanawe, anamdhania mtoto wa jamaa yake.

Hapa riwaya imeacha kuwa riwaya. Hakuna mfuatano tena, hakuna "kwa sababu", kuna kibwagizo tu. Mwandishi aliyetoka kwenye wimbo kwenda kwenye nathari ili apate tarehe na hatia, alipofika kwenye jambo lisilovumilika alirudi kwenye chombo alichokuwa amekiacha: maneno machache yanayorudiwa gizani na sauti isiyo na uso. Tofauti ni kwamba kibwagizo hiki kinatisha kwa sababu tumesoma kurasa zilizokitangulia. Kikisikika peke yake ni maneno ya bibi mlevi kuhusu usafi wa nyumba. Kwa hiyo sina hakika tena kama niseme kwamba muziki umeshindwa na fasihi katika kitabu hiki au kwamba fasihi imefanya kazi yote ili muziki upate mahali pa kutua. Nimebadilisha mawazo mara tatu wakati wa kuandika aya hii.

Kwa atakayetaka kukitafsiri kitabu hiki katika Kiswahili, na ningefurahi sana kama angetoka katika idara yetu, ugumu wake utakuwa katika kibwagizo hicho na si mahali pengine. Mama yule anasema nini kuhusu madoa? "Hayakutoka" ni habari iliyofungwa, imekwisha, mtu anaweza kuiandika kwenye ripoti. "Hayatoki" ni tabia ya madoa, kama dosari ya sabuni. Halafu tuna "hayajatoka", na hapa Kiswahili kina kitu ambacho Kifaransa cha Faye kinahitaji neno zima kukisema. Kwa -ja- hiyo, baada ya miaka 20, yule mama bado ameshika kitambaa, ameinama, na anaamini kwamba yatatoka. Mimi ningeiandika hiyo, ingawa najua wapo walimu wenzangu wa sarufi watakaonionyesha kwamba muktadha unadai "hayatoki". Wana haki. Ila wakisome kwanza kwa sauti, taa zikiwa zimezimwa.